Mwiba Unaotembea

Kila jioni Aloo alipotoka shuleni, aliweka mkoba kitandani, akavaa gauni lake kuukuu, kisha akaenda nyuma ya nyumba kumsaidia nyanya yake kusafisha samaki. Nyumba yao ilikuwa karibu na ziwa, upande wa Seme, si mbali na Kombewa. Mama yake, Jacinta, aliwakaanga samaki hao alfajiri na kuwapeleka soko la Otonglo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Alirudi jua likishazama, miguu imemvimba kwa kusimama. Kwa hiyo kazi ya jioni ilikuwa ya watu wawili: Aloo na nyanya yake, Dorca, ambaye Aloo alimwita Dani, kama watoto wengi wa Kijaluo wanavyowaita nyanya zao.

Samaki wengi hawasumbui. Ngege, yaani sato, unampara magamba, unampasua, umemaliza. Okoko ndiye mwenye matata. Ni samaki mwenye ndevu, na ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Miiba hiyo ina meno kama msumeno. Anayemsafisha okoko humkandamiza kwanza kwa kipande cha gunia, akaivunja miiba kwa mgongo wa kisu, ndipo akamshika kwa mkono. Dani hakuchoka kulisema jambo hilo. Alilisema hata Aloo alipokuwa ameshaivunja.

Jioni moja wingu jeusi lilikuwa likija kutoka ziwani, na nguo zilikuwa bado zimeanikwa. Aloo alitaka kumaliza upesi. Alitia mkono ndani ya beseni bila kutazama, na mwiba wa okoko ukamwingia kiganjani, chini ya kidole kidogo. Aliruka, akajikuta ameketi juu ya matope. Dani aliuchomoa mwiba, akamwosha kwa maji ya chumvi, akamfunga kitambaa. Asubuhi walikwenda zahanati, akadungwa sindano na kupewa dawa. Kidonda kikapona vizuri. Baada ya wiki chache kilibaki kidoa kidogo tu, kama alama ya kalamu.

Lakini maumivu hayakuondoka.

Yalikuwa maumivu ya ajabu. Wakati mwingine kiganja kiliwaka kana kwamba kimepakwa pilipili. Wakati mwingine kitu kama umeme kilipita kutoka kiganjani hadi kwenye kidole kidogo, kikamfanya aangushe kijiko. Shuka ikimgusa usiku, aliamka. Maji baridi ya bomba yalimchoma kama moto. Na kila alipokitazama kiganja chake, hakuona kitu. Hakikuvimba, hakikuwa chekundu, hakikutoa usaha. Mama alimuuliza kama bado kunauma, naye, kwa kuwa aliiona miguu ya Mama ilivyovimba, akasema kumepona.

Hofu yenyewe ililetwa na Byron. Byron alikuwa mwanafunzi mwenzake katika Gredi ya Saba, mvulana mwenye maneno mengi ambaye hakuna jambo asilolijua. Wakati wa mapumziko alimwona Aloo akikipulizia kiganja, akataka kujua sababu. Aloo alipomwambia, Byron aliacha kutafuna mandazi.

"Hiyo imevunjikia ndani," alisema. "Meno ya okoko yanaangalia upande mmoja. Ukisogeza mkono, inasonga mbele. Haiwezi kurudi nyuma. Kuna mjomba wetu kule Port Victoria ilimwingia hapa kwa mkono, ikapanda polepole mpaka kwa moyo."

Aloo alimuuliza kilichotokea mwiba ulipofika moyoni.

"Unafikiri nini," Byron alisema. "Tulikula wali kwa mazishi."

Tangu siku hiyo Aloo alianza kuusikiliza mkono wake. Kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, alilala kimya na kungoja. Maumivu yalikuwa kiganjani. Baadaye yalikuwa kwenye kifundo cha mkono. Siku moja aliyasikia yakipanda upande wa ndani wa mkono, juu ya kifundo, mahali ambapo mwiba haukumgusa kabisa. Alitoa kalamu ya wino, akachora mstari mdogo wa buluu pale yalipofika, ili kesho ajue kama yamesonga.

Yalisonga. Akachora mwingine.

Aliposhindwa kuvumilia, alimweleza Dani. Dani aliushika mkono, akaubonyeza pole pole kwa kidole gumba, na Aloo alipopiga ukelele, uso wa bibi kizee yule ulibadilika. Yeye pia aliwahi kusikia habari za miiba inayotembea. Alimwambia Aloo wasimsumbue Mama kwanza. Jumamosi, Mama alipokuwa Otonglo, Dani alimpeleka kwa mwanamke mmoja aliyejulikana kwa kutoa vitu mwilini mwa watu. Watu walioumwa tumbo kwa sababu ya jicho baya walikwenda kwake, naye akawatoa vipande vya chakula kupitia ngozi. Dani alinunua wembe mpya njiani.

Mwanamke yule hakuwa mkali wala hakuwa na maneno mengi. Alimchanja Aloo chale ndogo kwenye kifundo cha mkono, akaweka juu yake ncha ya pembe ya ng'ombe, akanyonya upande wa pili. Alinyonya muda mrefu, mashavu yakaingia ndani. Kisha akatema katika kibakuli. Ndani ya mate na damu kulikuwa na kitu cheupe, chembamba, kama kipande cha kucha. Dani alifumba macho, akamshukuru Mungu. Walirudi nyumbani wakicheka, na Dani akampikia Aloo mayai.

Aloo alilala vizuri usiku huo na usiku uliofuata. Siku ya tatu aliamka, akasikiliza, na maumivu yalikuwa kwenye kiwiko.

Dani alipoambiwa, aliendelea kupepeta mchele, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba labda kulikuwa na kipande kingine, na kwamba hicho kingine kiliwahi kupita kabla ya pembe kuwekwa. Aliposema hivyo aliondoka, akaenda kusimama nyuma ya jikoni. Aloo hakuwahi kumwona Dani akiogopa. Hilo lilimtisha kuliko Byron, kuliko wembe, kuliko maumivu yenyewe. Kutoka kiwiko hadi moyo, je, ni mbali? Alipima kwa vidole vya mkono mwingine. Hapakuwa mbali.

Akawaza: kitu kinachotembea kinaweza kuzuiwa.

Asubuhi ya Jumatano, akiwa njiani kwenda shule, alijificha nyuma ya ua wa minyaa uliozunguka kanisa, akatoa mfukoni kipande cha uzi wa nyavu alichokiokota ufuoni. Aliuzungusha juu ya kiwiko, akaukaza kwa meno hadi ukazama katika nyama. Akafunga fundo, halafu lingine. Akashusha mkono wa sweta, akaingia darasani.

Somo la kwanza mkono ulimpigapiga kama ngoma. Somo la pili vidole vilianza kufa ganzi. Aloo alikigusa kiganja chini ya dawati, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mwiba, hakikumuuma. Hakikusikia kitu chochote. Alifurahi. Aliona kwamba amepata dawa, na kwamba mwiba umekwama.

Mwalimu wao wa Kiswahili, Mwalimu Debra, alikuwa akipita kati ya madawati kutazama insha. Aliona kalamu ya Aloo imeanguka, na Aloo anajaribu kuiokota bila kuweza. Vidole vilikuwa vimenenepa, navyo vilikuwa na rangi ya zambarau. Mwalimu alimwomba apandishe mkono wa sweta. Aloo akakataa. Alimwomba tena, na Aloo, ambaye hakuwa mtoto wa kubishana na mwalimu, akaukumbatia mkono wake na kulia.

"Ukiukata, utapita," alisema. "Tafadhali, Mwalimu. Utapita uende kwa moyo."

Mwalimu Debra hakuelewa, lakini hakungoja kuelewa. Alimshika, akapandisha sweta, akauona uzi. Mkasi ukaletwa kutoka ofisini. Uzi ulipokatika, damu ilirudi mkononi kwa nguvu, na maumivu yote ambayo Aloo alidhani ameyazuia yalirudi kwa pamoja. Byron alikuwa amekodoa macho, mdomo wazi.

Mama alipigiwa simu, akaja shuleni moja kwa moja kutoka sokoni, aproni yake ikinuka mafuta. Dani naye alifika, kanga ameifunga upande. Wote watatu walikwenda hospitali ya Kombewa. Walipokuwa wakingoja kwenye benchi, Dani alimweleza Mama habari za yule mwanamke na pembe. Mama hakupandisha sauti. Alimwambia Dani tu, "Mama, ungeniambia," kisha akageuza uso kutazama mlango. Aloo aliketi katikati yao na kusikiliza moyo wake. Alikuwa na hakika kwamba mwiba sasa uko begani.

Daktari aliitwa Enos. Alikuwa kijana, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa plasta. Aliutazama mkono, akapima mapigo ya damu, akamwambia Aloo akunje vidole na kuvikunjua. Alisema uzi haukukaa muda wa kutosha kuharibu mkono, lakini kama angeshinda nao kutwa, huenda leo wangekuwa wakizungumza habari nyingine. Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha daktari alivuta kiti, akaketi, akamuuliza Aloo jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Unaogopa nini hasa?"

Aloo alimweleza yote. Daktari hakucheka. Alisema kama mwiba upo, wataona, na kama haupo, wataona pia. Alimpeleka kupigwa picha ya eksirei. Baadaye akapakwa dawa baridi ya maji mazito na kupitishiwa kile kifaa kinachotumiwa kuwatazama watoto tumboni. Ile baridi ilimchoma, lakini Aloo alisahau kulia, kwa sababu kwenye kioo aliona ndani ya mkono wake mwenyewe. Daktari alipitisha kifaa polepole toka kiganjani, kwenye kifundo, kwenye kiwiko, hadi karibu na kwapa, akimwonyesha: huu mfupa wako, hii nyama, huu mshipa wa damu unadunda. Mwiba hawakuuona popote.

Mama alishusha pumzi. Lakini Aloo alizidi kuogopa. Kama hakuna mwiba, ni nini kinachomuuma? Watasema anadanganya. Watasema ana wazimu. Aliuvuta mkono wake kifuani, na daktari akaliona hilo.

"Sikiliza, Aloo," alisema. "Mwiba haupo. Maumivu yapo. Yote mawili ni kweli."

Alimuuliza kama amewahi kugonga kiwiko kwenye dawati akasikia umeme hadi kidole kidogo. Aloo alitikisa kichwa kukubali. Kila mtoto anaujua umeme huo. Daktari akamwambia kwamba kilichogongwa si mfupa. Ni neva, kamba nyembamba inayopeleka habari kutoka mkononi hadi ubongoni. Neva hiyo inatoka shingoni, inapita upande wa ndani wa kiwiko, inashuka hadi kiganjani, chini ya kidole kidogo. Pale pale mwiba ulipoingia. Kisha akaigusa ile mistari ya buluu iliyobaki kwenye ngozi ya Aloo, mmoja baada ya mwingine.

"Nani alikufundisha kuichora?" aliuliza. "Umeifuata njia yake bila kukosea. Ulidhani unachora safari ya mwiba, kumbe umechora neva yako."

Alieleza kwamba mwiba uliijeruhi neva. Kidonda cha ngozi kilipona, lakini neva iliyojeruhiwa huweza kuendelea kupeleka habari za hatari wakati hakuna hatari tena. Inaguswa na shuka, inasema moto. Inaguswa na maji, inasema kisu. Habari inapita katika kamba yote, ndiyo maana Aloo alisikia maumivu yakipanda. Hakuna kitu kilichokuwa kikitembea. Hakuna kitu kilichokuwa kikienda moyoni.

Mama aliuliza swali ambalo wote walitaka kuliuliza: je, itapona? Daktari alivua miwani. Alisema hataki kuwadanganya. Neva hupona polepole, kwa miezi, na watoto wengi hupata nafuu kubwa. Wengine hubaki na maumivu kiasi, yanayokuja na kwenda, wakajifunza kuishi nayo na kusoma na kucheza kama wengine. Angempa kidonge kidogo cha kumeza jioni, cha kutuliza neva na kumpa usingizi. Alisema kisizidishwe wala kisikatizwe bila kumuuliza. Vidole vikianza kupoteza nguvu, au mkono ukivimba au kupata joto, warudi mara moja, wasingoje. Na jambo kubwa kuliko yote: mkono usifichwe. Mkono unaofichwa husahau kugusa vitu.

Kazi ya kuukumbusha ilikuwa ya Terry, dada aliyefanya kazi katika chumba cha mazoezi ya viungo. Terry alimwambia Aloo akisugue kiganja kila siku kwa kitu laini, kama pamba, mpaka pamba isimsumbue. Halafu kwa kanga. Halafu kwa taulo. Halafu, siku atakayokuwa tayari, kwa gunia. Aloo alimwambia kwamba gunia haliwezekani.

"Sijakwambia leo," Terry alisema. "Leo ni pamba. Na mchezo gani unaupenda wa mikono?"

Aloo aliwaza, akautaja mchezo wa ajua, ule wa mashimo na mbegu ambao Dani alimfundisha. Terry akasema basi acheze kila siku, na kwa mkono ule ule unaouma.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Pamba ilimliza. Usiku hofu ilirudi, na Aloo alijikuta amelala kimya, akiusikiliza mkono kama zamani. Lakini sasa alikuwa na kitu cha kujibu. Alijisemea moyoni: hii ni neva yangu, inapiga kelele bure, hakuna mgeni ndani. Mara nyingine maneno hayo hayakutosha, akamwamsha Mama, na Mama akamshikia mkono bila kumwambia aache uoga. Mama alikuwa amemwomba jambo moja tu: asiseme tena kumepona kama hakujapona. Aloo akatimiza.

Shuleni Byron alimfuata, akikanyaga polepole kama mtu anayeingia nyumba ya msiba. Alitaka kujua mwiba umefika wapi. Aloo alimwonyesha kiwiko, akamwambia akigonge chake kwenye ukuta, hapo kwa ndani. Byron alikigonga, akaruka akishika kidole kidogo, wenzake wakamcheka. Aloo akamweleza habari za neva, polepole, kama daktari alivyomweleza. Mwishowe akamuuliza jina la yule mjomba wa Port Victoria. Byron alikuna kichwa. Alikiri kwamba hakumjua. Alisikia habari zake kwa mtu mwingine, na huyo naye alisikia. Hata huo wali hakuula.

Mvua zilipita, zikaja nyingine. Aloo alitoka kwenye pamba akaenda kwenye kanga, kutoka kanga akaenda kwenye taulo. Baridi ya Julai ilipofika, maumivu yalipanda tena hadi kwenye kiwiko, makali kama ya mwanzo, na Aloo alirudi kutoka shuleni macho yamejaa machozi. Dani alikuwa ameketi barazani, ubao wa ajua mbele yake. Alimtazama, akasogeza kigoda, akampa kikombe cha uji ili akipashe kiganja moto. Alikigusa kwanza kikombe mwenyewe kuona kama si cha moto mno.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi niliutaka ule mwiba uwepo. Unajua kwa nini? Mwiba hutolewa, mtu akaenda zake. Maumivu yasiyo na mwiba niliyaogopa, kwa sababu sikujua niyashike wapi. Nikakupeleka gizani nikidhani nakupeleka penye nuru. Na wewe ukafunga uzi kwa sababu ile ile. Sisi wawili tulikuwa na ugonjwa mmoja, wa kuogopa kitu tusichokijua. Huo umekwisha. Huu wa mkono bado. Lakini sasa tunaujua jina, tunajua unapopita, tunajua la kufanya ukija na wa kumuuliza ukizidi. Mtu anayejua anachougua anaweza kucheka hata siku kinapomuuma. Asiyejua hulia hata siku kisipomuuma. Ukumbuke hilo, na wenzako wakiumwa, usiwape hadithi. Wape ukweli, au uwapeleke kwa mwenye kuujua."

Aloo alisema atakumbuka. Kiganja bado kilikuwa kikiwaka, lakini uji ulikuwa umekituliza kidogo, na moyo wake ulikuwa ukidunda taratibu. Alichota mbegu kutoka katika shimo la kwanza kwa mkono unaouma, akaanza kuzigawa moja moja. Ya nne ikamponyoka, ikabingirika chini ya kigoda.

"Iokote," Dani alisema, akiisogeza miguu. "Na usijifanye mgonjwa kwa sababu nakushinda."